Betri ya Fishfainda, Redio na Taa za Boti: Ya Maji, Kavu au Lithiamu?

Asalaam aleikum, habari zenu ndugu watazamaji. Mezani leo nina betri tatu, zote volti 12, na zote utauziwa ukifika dukani ukasema unataka betri ya boti. Hii ya kwanza ni N70 ya maji, ile ile inayofungwa kwenye magari. Ya kati ni betri kavu aina ya AGM, Ah 100 (Ah ni ampia ukizidisha kwa saa, ndicho kipimo cha uwezo wa betri). Na hii ndogo ninayoiinua kwa mkono mmoja ni lithiamu ya Ah 60. Nazungumza hasa na nahodha mwenye boti ya faiba ya mita 7 au 8, anayetoka Kunduchi au Mafia jioni akarudi alfajiri, na ndani ana fishfainda, yaani kifaa cha kutafutia samaki, redio ya mawasiliano ya VHF na taa.

Kabla hatujafika kwenye bei, naomba hili lieleweke: betri inayowasha mashine isilishe vifaa. Stata inapozunguka inavuta ampia nyingi kwa mkupuo, volti zinaporomoka, fishfainda inazima na kuwaka upya. Hiyo ni kero tu. Hatari yenyewe ni kwamba taa na redio zinainyonya betri hiyo usiku kucha, halafu alfajiri kusi limeshaamka, uko nje ya mwamba, unabonyeza swichi na mashine haigeuki. Wenye mashine za kuvuta kamba hawana shida hiyo. Wao wananunua betri kwa ajili ya vifaa peke yake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa tupige hesabu. Geuza kila kifaa nyuma au fungua kitabu chake, utaona kinakula ampia ngapi. Tuseme fishfainda yenye GPS ndani yake inakula ampia 1. Redio ikiwa inasikiliza tu, 0.4. Taa za njia, ile nyekundu, ya kijani na nyeupe, zikiwa za LED, 0.8. Taa ya kufanyia kazi ya wati 20, kama 1.6. Jumla ampia 3.8. Zidisha kwa saa 12 za usiku, unapata Ah 45 na kidogo. Redio ukiongea kwa nguvu yote inavuta ampia 5 au 6, lakini ni kwa dakika chache, kwa hiyo ongeza Ah 1. Shika Ah 47.

Hapo ndipo betri hizi zinapoachana. Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo Ah 47 zinadai betri ya Ah 100, nayo ina uzito wa karibu kilo 30. Lithiamu unaweza kuitumia asilimia 80 bila kuiumiza, ndiyo maana hii ya Ah 60 inatosha kazi ile ile, na ina kilo 8 hivi. Anayebeba betri begani kutoka botini hadi nyumbani kila asubuhi, maji yamekupwa na matope yamefika magotini, anajua tofauti hiyo ina maana gani.

Hii N70 naiweka pembeni mapema, na nitasema kwa nini. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Ukiilisha taa usiku kucha, usiku baada ya usiku, sahani zake zinakufa haraka. Halafu botini kuna mawimbi: tindikali inamwagika, na maji ya chumvi yakiingia ndani yake hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Bei yake inavutia, naelewa, lakini kwa kazi hii siipendekezi kwa mtu yeyote.

Tuangalie mita. Hii AGM nimeishusha makusudi hadi karibu nusu, inasoma volti 12.1. Nimeunganisha redio kwa waya mwembamba wa milimita 1 ya mraba, urefu mita 6, kama kutoka tezi hadi kwenye usukani. Tazama nikibonyeza kuongea... umeona? Betri yenyewe imeshuka kidogo tu, lakini upande wa kifaa tuko chini ya volti 11. Waya peke yake umekula zaidi ya volti 1. Nikibadilisha nikaweka waya wa milimita 4, upotevu unashuka hadi kama 0.3. Watu wengi wanalaumu betri kumbe mwizi ni waya. Ukiweza pata waya wa shaba iliyopakwa bati, chumvi haiuli upesi.

Lithiamu nayo ina tabia yake. Hii inasoma 13.2, na itabaki karibu hapo hapo muda mrefu, skrini iking'aa vilevile saa 2 usiku na saa 9. Vifaa vinapenda sana hali hiyo. Ila kwa sababu hiyo hiyo, volti hazikuambii umebakiwa na kiasi gani. Ikifika mwisho inashuka ghafla, na saketi ya ulinzi iliyo ndani, mafundi wanaiita BMS, inakata kila kitu. Giza! Kwa hiyo ukinunua lithiamu, nunua pamoja nayo mita inayohesabu ampia zinazotoka na kuingia. Na weka betri kavu ndogo ya Ah 7 pembeni, imejaa, kwa ajili ya redio peke yake. Mimi boti isiyo na akiba hiyo siipandi usiku.

Jina lithiamu nalo lisikutoshe. Ulizia LiFePO4, yaani lithiamu ya chuma na fosfati. Ndiyo tulivu kwenye joto kuliko zile za simu. Pia pima uwezo kabla hujaiamini: ijaze, funga mzigo wa ampia 5, hesabu saa. Ah 60 ya kweli itakwenda karibu saa 12. Ikizima saa ya 6, lebo imekudanganya. Rudisha dukani.

Chaja lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, ifike volti 14.4 hadi 14.6 na isiwe na ile hatua ya kusawazisha ya betri za maji. Kwa sola, paneli ya wati 200 ikipata jua zuri kwa muda wa saa 5 inarudisha matumizi ya usiku huo. Betri ya lithiamu usiiunganishe moja kwa moja na chaji ya mashine. BMS ikikata katikati, umeme unaruka na unaweza kuunguza vifaa.

Kwa hiyo nahodha anayetoka karibu kila siku ya giza, yaani usiku usio na mbalamwezi, namwambia achukue lithiamu, hata kama bei inauma, kwa sababu itajazwa na kutumika zaidi ya mara 2,000 ikitunzwa, wakati AGM itakuwa imeshabadilishwa mara kadhaa. Anayetoka wikiendi tu, au ambaye chaja yake ni ya zamani na hana mpango wa kuibadilisha, AGM inamfaa kabisa na hatajuta.

Yoyote utakayochukua, iweke kwenye boksi lenye mfuniko, juu ya maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya boti, na uifunge kwa mkanda isitembee. Fyuzi kuu ikae karibu na nguzo chanya ya betri, isizidi upana wa kiganja kutoka hapo, halafu kila kifaa kiwe na fyuzi yake kama kitabu chake kinavyoagiza. Niandikieni hapo chini vifaa mlivyonavyo, ampia zake na saa mnazokaa baharini, niwapigie hesabu ya boti zenu.