Jioni ya Wagogo Kijiji cha Makumbusho: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maelezo yafuate: nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoibana haihusiani na makumbusho yenyewe. Ukienda Kijiji cha Makumbusho mchana wa siku ya kazi utatembea kati ya nyumba nzuri zisizo na mtu, utapiga picha, saa moja haijaisha ushamaliza. Kilichonifanya niandike hapa ni mazungumzo ya jioni.

Kwa wasiopajua, pako Kijitonyama, barabara ya Bagamoyo, chini ya Makumbusho ya Taifa tangu miaka ya 1960. Makondakta wanapaita kutwa nzima, na nadhani nusu ya abiria wanaoshuka pale hawajawahi kuvuka geti. Ndani kuna msonge wa Wahaya ulioezekwa hadi chini, nyumba ya mianzi ya Wanyakyusa, ya Wazaramo, ya Wachaga na nyinginezo, zote za ukubwa halisi. Tangu miaka ya 1990 pana pia utaratibu wa Siku ya Mtanzania, ambapo jamii moja inapewa uwanja ionyeshe mila, chakula na ngoma zake. Niliyohudhuria mimi ilikuwa ndogo kuliko hiyo: umoja wa watu wa Dodoma waishio Dar walipanga jioni yao mbele ya tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo. Mzee mmoja wa kuzungumza, kina mama wa ngoma, chakula, basi. Nilikwenda na wifi yangu, ambaye ni Mgogo wa Kongwa kwa ukoo na wa Sinza kwa kila kitu kingine.

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu. Alisimama akasema "Mbukwenyi!" na nusu ya uwanja ikaitikia kwa kishindo, sisi wengine tukabaki tunatazamana. Hakuanza na historia. Alitaka tulitazame paa, akauliza kwa nini liko bapa. Kijana mmoja akajibu kwamba Ugogo hakuna nyasi ndefu za kuezekea. "Hilo la kwanza," mzee akasema, "endelea." Kijana akakwama, na hapo ndipo jioni ikaanza hasa.

Akatueleza tembe linavyojengwa: nguzo nyingi za wima, boriti juu yake, fito zimepangwa kwa kubanana, kisha matawi, kisha udongo mzito. Nyumba ya Zaramo ikipakwa udongo kichwani itayeyuka msimu mmoja. Dodoma mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo udongo unahimili. Miezi mingine paa ni uwanja wa kuanikia: mtama, uwele, majani ya mlenda. Vyumba vinazunguka ua, ng'ombe wanalala katikati, na anayetaka kuwaiba lazima apite walipolala wenye mali. Alituambia tuingie wawili wawili tujionee. Mlango ni wa kuinama, na ukisimama ndani unaligusa paa kwa mkono. Nimewahi kuingia humo nikiwa mwanafunzi na sikuona chochote zaidi ya giza.

Dada mmoja akauliza swali nililokuwa nalo mimi: kama tembe lilikuwa zuri hivyo, mbona limekwisha? Nilitegemea hotuba ya vijana wameacha mila. Mzee hakwenda huko. Alisimulia mwaka 1971, Operesheni Dodoma, watu walivyohamishwa kutoka kwenye kaya zao zilizotawanyika wakapangwa vijijini kwa mistari. Alisema wazi kwamba shule na zahanati zilikuja kwa njia hiyo, na yeye mwenyewe ni zao la shule hizo. Alisema pia kuna waliohamishwa bila kuulizwa. "Bati lilikuja na heshima yake. Lakini mchana wa Oktoba ndani ya tembe unalala usingizi, ndani ya bati uko kwenye kikaango."

Kisha akafika kwenye Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920. Nimesoma historia mpaka kidato cha sita na jina hilo sikuwahi kulisikia darasani. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita Ugogo, Wajerumani walichukua nafaka na ng'ombe kulisha majeshi yao. Waingereza walipoingia Dodoma mwaka 1916 nao wakachukua. Wanaume wakabebeshwa mizigo ya vita, mashamba yakakosa mikono, halafu mvua ikagoma, na juu ya hayo yote ikaja ile homa ya mafua iliyoizunguka dunia. Makadirio ya wakati ule yanasema walikufa 30,000 kati ya watu 150,000 wa wilaya. Mzee aliyasema hayo bila kupandisha sauti, akaongeza kwamba kwao mtu akila bila kukaribisha wengine huambiwa kana kwamba Mtunya imerudi.

Wifi yangu akanyoosha mkono. "Shikamoo babu. Sisi kwetu Kongwa, ila baba hakutufundisha."
"Marahaba mjukuu wangu. Wa mbeyu gani, ukoo gani?"
Hakujua. Akampigia baba yake palepale, spika ya simu wazi, watu wote wanasikiliza. Jina la ukoo lilipotajwa mzee alipiga makofi: kumbe ni watani. Akamdai mbuzi, na hadi tunaondoka alikuwa bado anamdai.

Ngoma zilikuwa nzuri. Kina mama wa muheme wanabana ngoma katikati ya mapaja na kuimba sauti zikipishana, na hakuna spika inayohitajika. Ila kilichonishika zaidi ni marimba ya mzee mwingine, ile wanayoiita ilimba. Kabla ya kupiga alitoa utando mweupe wa buibui, kipande kidogo kuliko ukucha, akaubandika kwa uangalifu juu ya tundu la ubao. Alipogusa vyuma, sauti ikaja na mvumo mkali pembeni yake. Akaubandua, akapiga tena, sauti ikawa kavu. Somo zima la muziki kwa dakika moja.

Sasa ile nyota. Mshereheshaji wa kukodiwa alikuwa na maikrofoni na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mara mbili alimkatiza mzee ili kutangaza zawadi. Ratiba ilisema saa kumi na mbili, tulianza saa moja na nusu. Ugali wa uwele na mlenda mkavu uliisha mapema, waliokaa nyuma wakapewa wali na kuku, chakula ambacho hakuna aliyekifuata huko. Na jamani, mtu aliyewasha tochi ya simu ndani ya tembe ili ajipige picha wakati mzee anasimulia njaa, sijui nimwambie nini.

Mkitaka kwenda: daladala yoyote ya Makumbusho inakushusha karibu, gari binafsi jiandae na foleni ya Mwenge. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni, beba kitambulisho. Jipakeni dawa ya mbu kabla, maana ni bustani na giza likiingia wanajua kazi yao. Watoto wa shule ya msingi wanaweza kuvumilia mazungumzo wakikaa mbele. Ulizeni getini ni jamii gani inayofuata. Mimi nasubiri Wafipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma kwenye matanuri marefu kuliko mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Wakija na mzee wa kulieleza hilo, nitakaa mstari wa kwanza, mbali na maikrofoni.