Ukoko wa Valencia: mgahawa wa viti 20 mtaani Ruzafa

Nyota 4 kati ya 5. Tatu ni za wali peke yake, moja ni ya zeituni na kitindamlo, na iliyobaki imekatwa na kroketa na ucheleweshaji wa sahani ya mwisho.

Mgahawa uko Ruzafa, mtaa ulio jirani na stesheni kuu ya treni ya Valencia, Hispania. Una viti 20, wapishi watatu, jiko la wazi na kaunta fupi mbele yake. Mchana kuna menyu moja tu ya kuonja, sahani saba, euro 48 bila vinywaji. Nendeni mchana. Watu wa Valencia wanakula wali mchana, usiku wengi wanauona mzito, na hata hapa menyu ya usiku haina wali. Jiko linafunguliwa saa saba na nusu. Ukifika saa sita utakuta mlango umefungwa, na chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili na nusu.

Sahani ya kwanza ni zeituni ya maji, ile iliyopata umaarufu kwenye mgahawa wa elBulli, Hispania, chini ya mpishi Ferran Adrià. Juisi ya zeituni inatiwa chumvi ya kalsiamu, inadondoshwa kwa kijiko ndani ya maji yenye alginati (unga unaotokana na mwani), na pale vinapokutana panafanyika ngozi nyembamba. Ndani inabaki juisi. Ikizidi kukaa kwenye maji yale, ngozi inanenepa na unatafuna kitu kama mpira. Ya hapa ilipasuka kwa ulimi tu, bila meno, na hicho ndicho kipimo.

Kroketa (donge la sosi nzito ya maziwa lililokaangwa kwenye mafuta) ya nyama kavu ya nguruwe ilishindwa. Nje ilikuwa na rangi nzuri, ndani unga mbichi ulikuwa unashika kwenye kaakaa. Sosi yake ya maziwa inataka takriban gramu 100 za siagi na gramu 100 hadi 120 za unga kwa lita 1 ya maziwa, na unga ukaangwe kwenye siagi hadi harufu ya ubichi iishe kabla maziwa hayajaingia. Baada ya hapo ipikwe polepole bila haraka, kisha ilale kwenye friji usiku mzima ishikane. Mpishi akiogopa isipasuke kwenye mafuta, anaongeza unga, na matokeo yake ni haya. Kwa kitu kinachouzwa kila baa ya Hispania, jiko la kiwango hiki halina udhuru.

Baadaye ukaja mchanganyiko wa pilipili hoho nyekundu za kuchoma na nyuzi za samaki wa chumvi, ambao wenyeji wanauita esgarraet, ukiwa umewekewa barafu laini ya nyanya juu. Mzuri, baridi, unaisha kwa vijiko vitatu.

Halafu wali. Si paella, na Valencia ukiuita hivyo utasahihishwa kwa upole: paella ya kwao ni ya kuku, sungura na maharage. Huu ni wali mkavu wa kamba, umeletwa kwenye kikaango kipana cha chuma, na unene wake haukufika sentimita moja. Hapo ndipo penye siri yote. Sisi tunapika kwenye sufuria yenye kina, ukoko unapatikana chini tu na watu wanaugombania. Hapa wali umetandazwa mwembamba kiasi kwamba kila kijiko kinabeba ukoko wake. Wenyeji wanauita socarrat.

Mchele ni wa aina ya Kihispania iitwayo bomba, punje fupi nene inayonywa mchuzi mwingi bila kupasuka. Hesabu ni kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 3 vya mchuzi, na mchuzi wenyewe umetoka kwenye vichwa vya kamba vilivyokaangwa na kupondwa. Chumvi yake iwe pungufu kidogo mwanzoni, kwa sababu mchuzi ukikauka chumvi inabaki yote. Moto mkali kwa dakika 8 hivi, kisha mdogo hadi dakika ya 17, na mwisho moto unapandishwa tena kwa dakika moja au mbili. Mwiko hauguswi tangu mchuzi uingie. Ukikoroga, wanga unatoka na unapata bokoboko. Kosa la kawaida ni kikaango kipana kuliko jiko: katikati kunaungua, pembeni punje zina kiini kigumu. Nilichunguza pembeni kabisa, punje zilikuwa zimeiva sawa na za katikati. Ukoko ulikuwa na rangi ya asali iliyokolea, ukibanduka kwa ncha ya kijiko kama karatasi, bila uchungu hata kidogo. Unaliwa moja kwa moja kwenye kikaango, kila mtu upande wake, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hawaupiki kwa chini ya watu wawili, kwa hiyo aliye peke yake atapewa sahani ya samaki.

Kitindamlo ni aiskrimu ya chufa, punje za ardhini za jamii ya ndago, ambazo Valencia wanazitengenezea kinywaji cheupe cha horchata. Tamu yake ni ya nazi changa na karanga mbichi. Ila ilikuja dakika 25 baada ya wali, meza tupu, bila neno.

Kwa asiyekula nguruwe au asiyetumia pombe, sema wakati wa kuweka nafasi, maana sheria ya Umoja wa Ulaya inailazimu migahawa kutaja vizio 14 (vyakula vinavyoleta mzio), na nguruwe hayumo, pombe pia haimo. Karatasi ya vizio haitakusaidia. Andika "sin cerdo y sin alcohol" (bila nguruwe na bila pombe), kisha uliza mambo matatu kwa majina: mchuzi wa supu, mvinyo kwenye sosi, na gelatini ya vitindamlo. Wakiarifiwa siku moja kabla wanabadilisha kroketa kwa ya samaki.

Maji ya bomba ni bure kwa sheria tangu 2022, omba "agua del grifo", ingawa ya Valencia yana chokaa. Mkate waliutoza euro 2.50. Kodi imo kwenye bei, na bahshishi si lazima.

Nafasi inashikiliwa kwa kadi ya benki, na ukighairi chini ya saa 24 kabla wanakata euro 25 kwa kila mtu. Omba kaunta, viti viwili vya mwisho upande wa majiko. Ukikaa pale, moto ukipandishwa unasikia wali unatatarika, na unamwona mpishi ameinama, sikio karibu na kikaango.