Siku 7 za juisi za detoksi: juisi nzuri, dayati hapana

Nimemaliza siku zote 7 bila kuruka hata moja, kwa hiyo naongea kitu nilichokipitia mwenyewe. Pakiti ni chupa 6 kwa siku, unakunywa moja kila baada ya masaa mawili matatu, hutafuni kitu, hugusi kahawa wala chai, ni maji na juisi tu. Karatasi iliyokuja nayo inaahidi mambo mawili, utapungua kilo na mwili utatoa sumu.

Nianze na ladha maana hapo wamejitahidi kweli. Ile ya bitiruti, karoti na tangawizi jamani ni tamu, tangawizi unaisikia mwishoni kabisa kooni wakati umeshameza, na ile ya nanasi na mnanaa ukiinywa ya baridi mchana unajisikia vizuri mpaka kwenye vidole. Ya kijani (spinachi, tango, seleri na limau) siku ya kwanza nilijikaza, siku ya 3 nikawa naisubiri. Hazijaongezwa maji, unajua tu ukionja.

Shida inakuja ukizichukua kama ndo chakula chenyewe. Siku ya 2 kichwa kiliniuma toka saa nne asubuhi mpaka nalala na najua ni kahawa, mi ni mtu wa vikombe vitatu kwa siku, ukiikata ghafla hivyo kichwa lazima kiume, ilitakiwa karatasi iseme mtu apunguze taratibu wiki moja kabla ila haijasema kitu. Siku ya 4 njaa ilitulia kidogo lakini mikono ikawa ya baridi muda wote na ngazi ambazo kila siku napanda bila kufikiria nikawa nasimama katikati. Sishangai, protini kwenye hizo chupa ni kidogo mno na mwili unaihitaji kila siku.

Sasa kilo, maana najua wengi ndo mnachotaka kusikia. Nilipungua kilo 3 na nusu. Nilifurahi sana, siwezi kudanganya, halafu nikarudi kula kawaida na ndani ya siku 5 zikarudi 2 na nusu. Hii inatokea kwa sababu mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya hiyo akiba inakaa na kama gramu 3 za maji, kwa hiyo ukila kidogo siku chache akiba inatumika, maji yanatoka, mzani unashuka, lakini mafuta yenyewe yameguswa kidogo tu. Hata keto (dayati ya kukata wanga na kula mafuta mengi) niliyofanya zamani ilinipa kilo nyingi wiki ya kwanza halafu ikasimama, sababu ni hiyo hiyo. Ila keto siiweki kundi moja na hizi pakiti, ile ilianzia hospitali, mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa na mpaka leo wapo watoto wanaosaidika nayo wakiwa chini ya uangalizi wa daktari. Kwangu ilishindikana kwa sababu maisha bila mkate na maharage nilishindwa.

Na hiyo habari ya kutoa sumu ndo imeniudhi zaidi. Kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo, zinafanya usiku na mchana na hazisubiri chupa ya mtu. Halafu angalia kinachotokea kwenye mashine ya juisi, yale makapi yanayotupwa ndo yana nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kukufanya ushibe, wewe unabaki na maji na sukari ya tunda. Shirika la Afya Duniani linahesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongeza kwenye chai, na linashauri isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 50, sasa piga hesabu ya chupa 6 ambazo nne kati yake ni za matunda matamu. Mwenye kisukari, mwenye shida ya figo, mjamzito, tafadhali usiguse kitu hiki kabla hujaongea na daktari wako.

Nilichokikosa kuliko vyote wiki ile ni kutafuna, halafu chai yangu ya maziwa. Asubuhi ya siku ya 8 nilikula mayai mawili ya kuchemsha, kipande cha mkate wenye siagi na kikombe kikubwa cha chai, na nilikula polepole kwa raha ambayo sijawahi kuisikia kwa chakula cha kawaida hivyo. Hapo nikamkumbuka William Banting, yule wa London aliyeandika kijitabu chake cha kupunguza mwili mwaka 1863, aliacha mkate, sukari, bia na viazi lakini mvinyo wake mwekundu aliendelea kunywa mezani kila siku, na dayati yake aliifuata miezi na miezi. Mvinyo si ushauri wangu kwa mtu, ila nadhani kuachiwa kitu anachokipenda kulimsaidia asichoke. Hii pakiti imeninyima vyote kwa pamoja ndo maana wiki nzima nilikuwa nahesabu masaa.

Juisi nazipa nyota 4, dayati nyota 1. Huduma sina neno, chupa zilifika kwa wakati na za baridi kila siku. Niliwaomba waniuzie ile ya bitiruti peke yake wakasema lazima pakiti nzima, basi nikaachana nao, siku hizi natengeneza mwenyewe kwa blenda, bitiruti nusu, karoti mbili, kipande cha tangawizi, limau na maji kidogo, sichuji, nakunywa glasi moja saa kumi jioni. Inakuwa nzito kidogo kuliko yao lakini ladha imekaribia sana, na chai ya asubuhi iko palepale.