Chensoo imegoma: utengeneze, ununue nyingine, au umwite mwenye nayo?

Mwaka jana mwezi wa saba, asubuhi ambazo Mafinga nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, shemeji yangu alichukua chensoo ya mzee, ule msumeno wa injini, kwenda kuangusha mlingoti (mkaratusi) ulioelemea jiko la nje. Haikupita nusu saa. Mlio ukapanda, ukawa mkali kama wa mbuzi anayekabwa, kisha kimya. Kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika kabisa. Nilipofika niliuliza swali moja tu: umejaza kwenye kidumu kipi? Akanionyesha kile cha pikipiki. Petroli tupu, bila tone la oili, wakati chensoo hutaka petroli iliyochanganywa na oili.

Mzee alitoa hukumu palepale: "Wapelekee wa chuma chakavu, tununue nyingine." Kijana wa duka la vifaa naye, nilipopita kuulizia bei, aliniwekea mezani mashine mpya kabisa ya rangi ya chungwa, bei ya mbuzi watatu. Ilikuwa inavutia, sikatai. Lakini niliomba siku mbili kwanza, na ndizo zilizonifanya niandike huu mwongozo.

Ninaupanga kwa nafasi, kuanzia ninachokishauri zaidi. Namzungumzia mtu wa nyumbani: una ekari moja au mbili za milingoti, misindano au miwati, unakata kuni, unapogoa, mara mojamoja unaangusha mti wa kuchana mbao. Mwenye kikosi kinachovuna kwa mkataba huko Sao Hill, kwenye shamba kubwa la miti la serikali, ana hesabu zake nyingine, na anazijua kuliko mimi.

Kabla ya pesa, angalia pistoni

Watu wengi huamua kwa kuangalia umri wa mashine au bei ya mpya. Mimi naamua kwa kuangalia pistoni, na huhitaji kuwa fundi kuiona. Chomoa kifuniko cha plagi ili isiwake, fungua nati mbili tatu zinazoshika ekzosi, itoe. Nyuma yake kuna tundu. Vuta kamba polepole huku unamulika kwa tochi ya simu, utaiona pistoni inapanda na kushuka. Ikiwa ubavu wake ni laini, una mistari hafifu tu, injini ni nzima na tatizo lako liko nje. Ukiona mikwaruzo ya wima, mizito, kama paka amekwangua mlango, basi imenoki, yaani pistoni imesagana na silinda.

Kama kamba haivutiki, kama ilivyokuwa ya mzee, usiilazimishe. Iache ipoe, toa plagi, dondoshea oili kidogo ndani, kisha jaribu tena taratibu.

Kipimo cha pili hakihitaji hata spana. Zima swichi, shika mpini wa kamba, nyanyua mashine ining'inie hewani kwa kamba yake. Yenye kompresheni nzuri, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, itashuka kwa kusitasita, kama mzee anayeteremka mlima. Ikiporomoka moja kwa moja kama ndoo kisimani, ndani hakuna kitu. (Zile zenye kitufe cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, usikibonyeze, utajidanganya.)

Nafasi ya kwanza: tengeneza, kama injini ni nzima

Chensoo nyingi zinazoitwa "zimekufa" zimekabwa tu. Filta ya hewa imejaa unga wa mbao uliogandana na utomvu wa msindano. Kichujio kidogo kilichomo ndani ya tangi la petroli kimeziba. Plagi imelowa. Petroli imekaa tangu masika, imechacha, na vile vingozi vyembamba ndani ya kabureta vimekakamaa. Hivi vyote ni vya gharama ndogo, na filta, plagi na petroli mpya unavimaliza mwenyewe kibarazani. Kabureta mpelekee anayezijua.

Upanga (kile kibapa kirefu ambacho cheni inakizunguka) na cheni ni vya kuisha, kama tairi za pikipiki, kwa hiyo kuchakaa kwake si sababu ya kununua mashine. Kama chensoo inatoa unga badala ya vipande na inakulazimisha uiegemee, inadai kunolewa kwa tupa. Tupa ya duara ina saizi: cheni ndogo za mashine za nyumbani nyingi hutaka milimita 4.0, za kati 4.8, kubwa nyingi hutaka 5.2. Ukinolea tupa isiyo yake unaiharibu cheni kwa jasho lako mwenyewe.

Huku kwetu kuna jambo lingine linaloua mashine, nalo ni mwinuko. Mafinga na Njombe ziko juu, karibu mita 1,900 na zaidi, hewa ni nyepesi. Chensoo iliyosetiwa Dar es Salaam ikifika huku inapewa petroli nyingi kuliko hewa: inatoa moshi, inalowesha plagi, inakosa nguvu, na mwenyewe anasema ameuziwa feki. Kumbe ni skrubu za kabureta tu. Kinyume chake ndicho cha kuogopa. Imesetiwa Njombe, mashine inalia vizuri, unaipakia kwenye gari kumsaidia mjomba Kyela, kule chini ziwani, mita 500 hivi. Hewa kule ni nzito, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inapata joto, na jioni unamlaumu aliyekuuzia. Ukishuka, seti upya kabla ya kugusa mti.

Nafasi ya pili: usinunue kitu

Najua si jibu la mwongozo wa kununua. Lakini hesabu miti yako. Kama kwa mwaka unaangusha mitatu minne, mwite kijana mwenye chensoo yake, mpatane kwa mti au kwa siku, petroli yake au yako iwe wazi mapema. Njombe, Makambako, Mafinga, hawa vijana hawakosekani, na wameangusha milingoti mingi kuliko utakayoiona maisha yako yote. Mti ulioelemea nyumba au waya wa umeme, hata mimi mwenye mashine huwa namwita. Shemeji angemwita, jiko la mama lisingebaki na bati lililokunjika.

Nafasi ya tatu: mpya, ndogo, yenye jina

Ukilazimika kununua, chukua ya cc 40 hadi 50, upanga wa inchi 16 au 18, ya kampuni ambayo spea zake unaweza kuzigusa dukani kabla hujalipa. Huku nyanda za juu zilizozoeleka ni Stihl ya Ujerumani na Husqvarna ya Sweden, na sababu yake ni spea na mafundi, wala si sifa. Nenda dukani na majina matatu: pistoni, kabureta, kamba. Muuzaji akisema "zinaagizwa", mwambie asante na uondoke.

Usishawishike na kubwa ya cc 70 kwa sababu jirani anayo. Ni nzito, inakunywa, na mkono uliochoka ndio unaokatwa. Angalia breki ya cheni mbele ya muuzaji: isukume mbele, cheni ikatae kuzunguka kwa mkono. Za umeme na za betri nazitaja tu nipite, maana shamba halina soketi na betri mbili nzuri zinamaliza bajeti.

Nafasi ya nne: badilisha pistoni, kama silinda imepona

Hapa ndipo mashine ya mzee ilipoangukia, na hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Fundi wa kwanza niliyempelekea ni wa bodaboda. Akaitazama, akasema, "Kaka, hii tunapanua silinda tunaweka pistoni ova-saizi, kesho unachukua." Kwenye pikipiki ana haki. Kwenye chensoo hapana. Silinda ya chensoo ni ya alumini iliyopakwa ndani ngozi nyembamba ngumu. Ukiipanua umeitoa ile ngozi, na pistoni mpya itakula alumini ndani ya wiki. Silinda ikikwaruzika hadi kwenye ngozi inabadilishwa nzima pamoja na pistoni yake.

Fundi wa pili alifungua, akapitisha kucha ndani ya silinda mbele yangu. Ukucha haukukwama popote. Pistoni na ringi tu, basi. Na kabla hajafunga akakagua sili za kranki na bomba la petroli, maana kama kuna mahali panavuta hewa, pistoni mpya nayo itaungua vilevile. Dalili ya hilo utaijua: mashine inapiga resi yenyewe na haitaki kushuka.

Kipimo changu cha pesa: jumlisha spea na ufundi. Ikizidi nusu ya bei ya mpya ya daraja lilelile, acha. Tuseme mpya ni 900,000 na fundi anataka 250,000, tengeneza. Akitaka 500,000, hiyo mashine iuze kama spea. Kabureta, koili na kifuniko cha kamba vina wanunuzi wake.

Nafasi ya tano: iliyotumika

Kuna zinazouzwa na watu wa mavuno, nyingine chuma kweli. Ila zimefanya kazi ya miaka kwa miezi. Omba kuiwasha ikiwa ya baridi, usikubali uliyoikuta imeshapashwa moto. Toa ekzosi, mulika. Muuzaji akikataa ekzosi isifunguliwe, amekwisha kukujibu.

Nafasi ya mwisho: ile ya rangi nzuri, cc 52 au 58, bei ya mbuzi watatu

Sitaitukana. Spea zake zinaingiliana na ni rahisi, na kwa mtu wa kukata nguzo za uzio mara moja kwa mwaka itamfaa. Ila ukinunua, siku hiyohiyo kaza kila skrubu, badilisha cheni iliyokuja nayo, na hizo cc zilizoandikwa ubavuni zichukulie kama salamu tu. Kwa msimu mzima wa kuni, utarudi dukani.

Mashine yoyote utakayochagua, mafuta yake yapime kwa kikombe, si kwa macho. Mashine nyingi za sasa zenye oili nzuri hutaka moja kwa hamsini: mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani 100 kwa kidumu cha lita tano. Nyingine, hasa za zamani, hutaka moja kwa ishirini na tano, mililita 40 kwa lita. Kitabu chake ndicho kinachosema.

Ya mzee iliwaka kwa mvuto wa nne. Siku ile ile alichovya kidumu cha chensoo kwenye rangi nyekundu iliyobaki ya geti, akakifungia stoo pamoja na mashine. Shemeji anaruhusiwa kuishika, lakini kujaza anajaziwa.