Mrija wa kuonea kina kwenye sufuria ya bia: ununue wa kitu gani?

Ukipika bia nyumbani kwa sufuria ya lita 40 au 50, lazima ujue imebaki lita ngapi bila kufunua mfuniko na kupima kwa mwiko katikati ya mvuke. Mrija mwangavu unaosimama ubavuni, chini umeungwa kwenye tundu na juu uko wazi, hukuonyesha hilo kwa kutupa jicho. Unachotakiwa kuchagua vizuri ni kitu ambacho mrija huo umetengenezwa nacho. Utakaa na kimiminika cha karibu nyuzi 100 kwa saa nzima au zaidi, miali ya jiko la gesi itaupitia kando, na baada ya kazi utaoshwa kwa sabuni kali.

Nafasi ya kwanza tunaipa kioo cha borosiliketi, kile cha vifaa vya maabara. Kikipata joto hutanuka takribani theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, ndiyo maana hakipasuki kirahisi joto linapobadilika ghafla. Hakinyonyi harufu, hakibadiliki rangi, na dawa za kusafishia sufuria hazikisumbui. Tafuta maandishi ya borosiliketi 3.3 kwenye maelezo ya bidhaa. Jina la Pyrex peke yake si ushahidi: vyombo vya jikoni vya jina hilo vinavyouzwa Marekani siku hizi ni vya kioo cha kawaida kilichoimarishwa. Mrija wenye kipenyo cha nje cha milimita 12 na unene wa ukuta wa milimita 2 unatosha. Pima kipenyo kabla ya kununua kiunganishi, kwa sababu mrija wa nusu inchi ni milimita 12.7, na tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ivuje au kioo kivunjike.

Mirija hii mara nyingi haiuawi na joto bali na mikono. Nati inakazwa kwa spana mpaka kioo kinagusana na chuma, na siku sufuria inapopata moto, kinapasuka palepale kwenye nati. Kaza kwa vidole, kisha ongeza robo mzunguko. Kama bado inavuja, badilisha oringi, usiongeze nguvu. Ncha zilizokatwa zilainishwe kwa moto au kwa msasa wa maji, maana kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Kwa sababu hiyohiyo usichonge alama za lita kwenye kioo chenyewe. Zichonge kwenye kinga ya stenlesi inayozunguka mrija, na kinga hiyo usiiache: ndiyo itakayozuia sufuria nyingine isigonge kioo.

Nafasi ya pili ni polisalfoni, plastiki yenye umanjano kidogo. Inastahimili nyuzi 150 kwa muda mrefu, na maji ya moto hayaimegi. Ukiwa mtu wa kubeba sufuria kutoka stoo hadi uani kila unapopika, pengine itakufaa kuliko kioo. Tatizo lake ni bei na upatikanaji.

Ya tatu ni mpira wa silikoni wa daraja la chakula. Hauvunjiki, unavumilia nyuzi 200, na unaukata kwa kisu. Lakini hauoneki vizuri kama kioo: bia nyeusi utaisoma, nyepesi itakusumbua. Pia hulegea, kwa hiyo ufunge kwenye fito au bati lililonyooka, la sivyo ukijipinda kipimo kinakudanganya. Usiuache uguswe na mwali. Kwa mwenye bajeti ndogo huu ndio wa kuanzia.

Polikaboneti, nayo plastiki, ndiyo inayokuja na seti nyingi za bei nafuu, na tunaiweka ya nne kwa shingo upande. Nyuzi 100 haziiyeyushi, ila maji ya moto ya mara kwa mara huimega taratibu, na kostiki soda, dawa kali ya kusafishia, huiharibu haraka. Utaona nyufa nyembamba kama nywele karibu na nati. Ukiziona, itupe siku hiyohiyo. Mrija ukikatika chini, maji ya kimea yanayochemka yatamwagikia miguu yako.

Akriliki, PVC ngumu, mpira laini wa PVC na kioo cha kawaida usinunue kabisa. PVC ngumu mwisho wake ni kama nyuzi 60, na hata kimea huloweshwa kwenye nyuzi 65 hadi 68. Akriliki hulainika kabla au karibu ya maji kuchemka. Anayepikia Nairobi, ambako maji huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, asidhani nyuzi hizo sita zitaiokoa.

Oringi ziwe za silikoni au EPDM, aina nyingine ya mpira. Viunganishi viwe vya stenlesi, na hapa pana mtego kwa anayeagiza vifaa Marekani: vinakuja na hesi za NPT, mfumo wa Kimarekani, ilhali maduka ya vifaa vya bomba Afrika Mashariki, kama ya Uingereza, huuza BSP, mfumo wa Kiingereza. Za nusu inchi zina meno 14 kwa inchi kote kuwili, kwa hiyo zitaingiana mizunguko michache na kukuaminisha kwamba zimekaa, kisha zitavuja kwa sababu pembe ya meno ni tofauti. Tepu ya Tefloni haitibu hilo. Nunua kila kitu cha mfumo mmoja.

Kuweka alama, mimina lita mbili mbili za maji baridi, sufuria ikiwa imekaa sawa. Kumbuka maji yakichemka hutanuka kama asilimia 4, hivyo lita 20 za baridi zitajaa karibu 20.8. Kosa kubwa zaidi hutokea mrija ukibaki na maji matupu huku sufuriani mna maji mazito ya kimea. Kwa uzito wa mara 1.050 ya maji na kina cha sentimita 30 juu ya tundu, maji ya mrijani yatasimama juu zaidi kwa sentimita moja na nusu. Kwenye sufuria yenye kipenyo cha sentimita 40 hizo ni karibu lita mbili za uongo. Ukiwa umeunga mrija kwa tii (kiungo cha njia tatu) pamoja na koki, toa kikombe kimoja, kirudishe sufuriani, funga koki, subiri maji yatulie, ndipo usome.