Godoro lisilobonyea mapema: lipi la kununua Tanga

Ukiingia duka la magodoro Ngamiani, swali la kwanza la muuzaji huwa ni saizi: tano kwa sita au sita kwa sita, inchi nane au kumi? Wewe muulize densiti kwanza. Godoro hufanya bonde katikati kwa sababu sponji ni nyepesi, hata kama ni nene. Densiti ni kilo za sponji katika mita moja ya ujazo. Ya 18 na ya 30 zinaweza kuvaa kava la maua yaleyale, na siku ya kwanza zote zikalalika vizuri.

Hesabu yake ni rahisi. Tano kwa sita la inchi nane lina ujazo wa mita 0.57 hivi. Densiti ikiwa 30, sponji peke yake ina kilo 17. Ikiwa 18, ni kilo 10 tu. Basi omba lipimwe kwenye mizani, hata ya duka la nafaka la jirani. Kisha fungua zipu uone kama sponji ni pande moja au vipande vilivyoungwa kwa gundi.

Namba moja kwangu ni sponji ya densiti 28 kwenda juu. Kwa watu wawili wenye miili, 32. Kama pesa haitoshi, punguza unene, usipunguze densiti.

La pili ni la mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa. Ni zito na gumu, halibonyei upesi, ila si kila mtu anapenda ugumu huo.

La tatu, usufi. Najua wengi wangeweka springi hapa. Usufi hushikana mabonge, kweli, lakini godoro hufumuliwa, usufi ukachambuliwa, ukaanikwa juani na kujazwa upya. Sponji iliyochoka haina dawa.

Springi naiweka ya nne kwa ajili ya hewa yetu ya chumvi. Ukikaa karibu na bahari, kama Raskazone, chuma hupata kutu. Tena mengi yana upande mmoja tu wa kulalia, hayapinduliki.

Sponji nyepesi ni ya mwisho. Inafaa chumba cha mgeni wa mara mojamoja.

Kabla hujalipa, rudi nyumbani ukaangalie chaga. Magodoro mengi yanalaumiwa bure. Chaga zikiachana sana, sponji huzama kwenye mianya kila usiku, na mbao laini nazo hupinda katikati. Mwanya usizidi inchi tatu, na kitanda cha tano kwa sita au zaidi kiwe na boriti ya kati yenye mguu unaogusa sakafu. Kama godoro ulilonalo limebonyea, litandaze sakafuni. Likikaa sawa, kasoro ni ya kitanda: mwite seremala aongeze chaga, ni nafuu kuliko godoro jipya.

Likifika nyumbani, vua nailoni ya dukani. Kwa joto la Tanga jasho hubaki ndani, na masika ikiingia unapata ukungu. Kila baada ya miezi mitatu geuza upande wa kichwani uende miguuni. Kama lina pande mbili za kulalia, lipindue pia. Mara mojamoja lisimamishe ubavu, madirisha wazi, lipigwe na upepo. Sponji isianikwe kwenye jua kali, huwa ya manjano na kumeguka. Usufi ndio unaopenda jua. Mtoto akiwa bado anakojoa, weka mpira chini ya shuka. Na lisikunjwe na kufungwa kamba kwenye bodaboda, tafuta guta lilale bapa.

Gharantii nayo iulizie dukani hapohapo: bonde la kina gani ndilo linalohesabika? Waandike jibu kwenye risiti, pamoja na densiti waliyokutajia, na lebo ya kwenye kava usiikate.