Boksi la oveholi ya 4A-GE: vya kufunga na vya kurudisha dukani

Boksi lenyewe ni la kahawia, halina jina la kiwanda, juu limebandikwa karatasi iliyoandikwa 4A-GE, jina la injini ya Toyota, na chini yake STD. Linapatikana Kariakoo, na ukiwa Mbeya wenye spea wa Mwanjelwa wanakuagizia likapanda basi la usiku. Ndani mna seti nzima ya gasketi na sili, ringi za pistoni, beringi za meini (zinazobeba krenki kwenye bloki) na za bigi endi (zinazoshika rodi kwenye krenki), trasti (za kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma), oili pampu, pampu ya maji, mkanda wa taimingi na tenshena ya kuukaza. Mwenye Toyota Levin, Trueno au MR2 ya zamani akiona vyote hivyo kwa bei moja anahisi nusu ya kazi imekwisha.

Jibu la haraka kwa asiye na muda: gasketi ni nzuri kuliko bei yake, ringi zinafungika kwa masharti, beringi na oili pampu zirudi dukani. Na boksi lisilipiwe kabla bloki haijapimwa.

Hilo la mwisho ndilo wengi wanalikosea. Neno STD maana yake kila kitu humo kimetengenezwa kwa silinda ya milimita 81.00 na krenki ambayo haijawahi kuchongwa. Injini za 4A-GE zilianza kutoka mwaka 1983, hedi yake ikiwa kazi ya Toyota pamoja na Yamaha, kwa hiyo nyingi zilizopo leo zimeshafunguliwa zaidi ya mara moja. Pima kila silinda kwa boa geji (kipimo cha upana wa ndani), juu, katikati na chini, kwanza kwa kufuata mstari wa krenki kisha kwa kukatisha. Tofauti kati ya kipimo kikubwa na kidogo ikizidi milimita 0.02, bloki iende kuchongwa, na hapo STD haina kazi tena: utahitaji pistoni na ringi za 0.50, yaani silinda ya 81.50. Kwa mwendo wa pistoni wa milimita 77, injini inatoka sisi 1587 na kufika kama 1607. Hata gasketi ya hedi iangalie upya, kwa sababu ile pete yake ya chuma ikibaki ndogo kuliko silinda mpya, ukingo unachomoza kwenye moto, unakuwa mwekundu, na injini inaanza kugonga kabla ya muda wake.

Mafundi wa kuchonga wa Mbeya mkono wao umekomaa kwa injini za malori ya njia ya Tunduma. Kuchonga wanajua sana. Ila lori lina slivu nene (silinda za kuvishwa), na 4A-GE ina ukuta mwembamba unaovutwa na bolti za hedi. Mwombe afunge bamba zito la chuma juu ya bloki kwa bolti zenyewe, kwa toki (nguvu ya kukaza) ileile ya hedi, ndipo apige honi ya mwisho, yaani kusugua silinda kwa mawe. Asipokuwa na bamba la injini hii, mpelekee pistoni mpya mkononi ili kila silinda imalizwe kwa pistoni yake, na namba ya nafasi aisome kwenye karatasi ya mtengenezaji wa pistoni. Usikubali pistoni zije baada ya silinda kuchongwa.

Sasa beringi, maana hapo ndipo boksi hili linapoharibu injini za watu. Krenki za mwanzo za 4A-GE zina shingo za bigi endi (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi) za milimita 40, za baadaye zina 42. Usiamini rangi ya maandishi kwenye kava za vali, kava zinahamishwa kama kofia. Weka venia, kipimo cha unene, kwenye shingo yenyewe. Bigi endi zilizomo ni za 40, ambazo ni saizi ya 4A-FE ya Corolla za kawaida, na muuzaji ukimuuliza anakujibu, "Bosi, 4A ni 4A tu, inaingia." Kwenye krenki ya 42 haiingii, na afadhali isivyoingia, kwa sababu kosa linaonekana pale pale mezani.

Beringi za meini ndizo za kuogopa. Shingo za meini ni 48 kwenye krenki zote hizo, kwa hiyo zinakaa, kepu (vifuniko vya beringi) zinakazwa, krenki inazunguka kwa mkono, na kila mtu anaridhika. Toyota haikuzifunga hivyo. Bloki ina namba iliyogongwa kwa kila meini, 1 hadi 3, na krenki ina zake, 0 hadi 2. Unajumlisha mbili hizo, unapata namba ya beringi, 1 hadi 5, na kila namba ina unene wake. Za kwenye boksi hazina namba yoyote, zote ni unene mmoja.

Plastigeji, uzi laini wa kupimia nafasi ya beringi, inasema kweli bila kupepesa. Futa shingo mpaka isiwe na oili hata chembe, laza uzi wake kwa kufuata urefu wa krenki, rudisha kepu, kaza Nm 60 kwa awamu mbili au tatu, na krenki isizungushwe hata kidogo. Fungua, linganisha upana wa uzi uliopondeka na mistari ya kwenye karatasi yake. Kwa beringi za boksi hili, meini nne zilitoa 0.038 hadi 0.051, lakini ya katikati, namba 3, uzi ulipondeka kidogo tu, mwembamba kama unyuzi wa mkeka, ukasoma 0.076. Kikomo cha kutupa ni 0.10, lakini injini inayofungwa upya isianze maisha ikiwa juu ya 0.05. Ukiifunga hivyo, oili inamwagika pale katikati, presha inashuka injini ikipata moto, na bigi endi za silinda ya 2 na ya 3 ndizo zinazolipa. Agiza beringi zenye namba kutoka Toyota, meini kwa meini. Zinachelewa, na ni ghali, lakini bigi endi ikikatika rodi hutoka ubavuni na bloki huwa imekwisha.

Ringi nazipa alama ya kati. Chuma chake ni kizuri na alama ya upande wa juu inaonekana, ila usizivishe moja kwa moja kutoka kwenye karatasi. Ingiza kila ringi kwenye silinda yake, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, kisha pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia). Ringi ya juu nalenga 0.30 hadi 0.35. Za boksi, tatu zilikuwa humo, ya nne ilisoma 0.18. Hiyo ingefungwa vile, joto lingeifanya ncha zikutane, ikwaruze silinda na pengine ivunje ukingo wa pistoni. Iliposuguliwa taratibu kwa tupa laini, upande mmoja tu wa ncha na kwa kusukuma kuelekea ndani, ilifika 0.32 ikakaa vizuri. Kama silinda zako hazikuhitaji kuchongwa na una uvumilivu wa kupima zote, ringi hizi zitafanya kazi. Kwa mwenye kutaka usumbufu mdogo, anunue ringi za NPR, kampuni ya Japani.

Kabla ya kuvisha chochote, bloki ioshwe. Petroli na dizeli hazitoi unga wa honi, zinausambaza tu. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya chupa, sugua silinda zote na kila tundu la oili, suuza, kausha, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Mara ya kwanza kitatoka cha kijivu. Rudia sabuni. Mara ya pili bado utaona kivuli kwenye mikunjo ya kitambaa, rudia tena mpaka kitoke kama kilivyoingia, na papo hapo paka oili kwa sababu kutu huanza ndani ya dakika chache. Miezi ya Agosti na Septemba, upepo wa Uyole unapobeba vumbi, bloki isiyofunikwa kwa nailoni usiku mmoja ni bloki ya kuosha upya.

Oili pampu ya boksi usiihangaikie. Pampu hii inazungushwa na pua ya krenki moja kwa moja, na 4A-GE inapanda zaidi ya mizunguko 7000, kwa hiyo gia laini hupasuka bila taarifa. Kama pampu yako ya zamani haina mikwaruzo na nafasi kati ya gia ya nje na mwili haizidi 0.20, irudishe hiyo hiyo ikiwa na sili mpya. Jaza gia kwa vaselini kabla ya kufunika ili ivute oili mara ya kwanza. Pampu ya maji ni sawa, haina lawama. Mkanda na tenshena sivipendi: tenshena ilikuwa na mchezo mdogo kwenye beringi yake. Kwenye hedi ya vali 16 mkanda ukikatika vali hazigusi pistoni, unavutwa tu hadi nyumbani. Mwenye hedi ya vali 20 hana bahati hiyo, na kwake mkanda usio na jina haufai kabisa.

Gasketi sasa, ambazo ndizo sababu ya kununua boksi hili. Gasketi ya hedi ililala juu ya bloki na matundu yote ya maji na oili yakalingana. Sili za vali 16 zote zimo, za inteki (za kuingiza hewa) na za ekzosti (za kutoa moshi) zikiwa zimetenganishwa. Sili za kemshafti na ya mbele ya krenki ni laini, zina ukingo safi. Ile ya nyuma ya krenki ndiyo pekee ningenunua ya Toyota, kwa kuwa ikivuja gia boksi inashuka tena.

Kufunga hedi kuna mtego ambao umepasua bloki nyingi. Matundu ya bolti hayatokezi upande wa pili. Maji au oili vikibaki chini, bolti inavisukuma na bloki hupasuka kimya kimya. Puliza kila tundu, chomeka kitambaa kilichosokotwa hadi chini, kitoke kikavu. Bolti ni 10 na hazilingani urefu, fupi ni za upande wa inteki. Paka oili nyepesi kwenye nyuzi za bolti, anza katikati kwenda nje, Nm 29 kwanza. Weka nukta ya rangi nyeupe mbele ya kila kichwa cha bolti, zungusha digrii 90, kisha 90 tena, hadi nukta zote zitazame nyuma. Toki renchi ya kuazima ijaribiwe kwanza dhidi ya nyingine.

Boksi halina shimu (visahani vya kurekebisha nafasi kati ya kemshafti na vali), na ukisaga vali utazihitaji, kwa sababu vali inazama juu na nafasi inapungua. Injini ikiwa baridi, inteki iwe 0.15 hadi 0.25, ekzosti 0.20 hadi 0.30. Mfano: inteki imesoma 0.09, shimu iliyomo ni 2.85, unataka 0.20. Chukua 2.85, ongeza 0.09, toa 0.20, unapata 2.74, weka ya 2.75. Kabla ya kununua, pima shimu zako zote 16 kwa maikromita na uzibadilishane nafasi. Mara nyingi utabaki na za kununua nne au tano tu.

Jambo moja la watu wa nyanda za juu, ambalo kitabu cha Toyota hakikuambii waziwazi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni pungufu. Kitabu kinataka kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya psi 179, kikomo 142. Injini nzima kabisa, ikipimwa Mwanjelwa, itasoma karibu 148, na fundi asiyejua atakuambia ringi za boksi ni feki. Zidisha namba ya kitabu kwa 0.83 ndipo uhukumu, na uangalie zaidi kwamba silinda hazipishani kwa zaidi ya psi 14. Kwa sababu hiyohiyo maji yanachemka huku kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, basi kofia ya radieta iliyolegea itaua gasketi mpya hata iwe ya Toyota. Nunua kofia siku ileile unayonunua boksi.

Kuwasha: ondoa plagi zote na umeme wa nozeli, piga stata hadi geji ya oili ipande, ndipo urudishe plagi. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, taimingi nyuzi 10. Injini ikishapata moto, kwenye mizunguko 3000 presha iwe psi 36 hadi 71. Tumia oili ya kawaida ya madini, lita 4 zinatosha, na uimwage baada ya kilomita 50, kisha tena 500. Kata filta ya kwanza kwa msumeno, ikunjue juani. Unga wa kijivu kidogo ni wa ringi, vipande vinavyong'aa rangi ya shaba ni vya beringi.

Kwa kukalisha ringi, barabara ya Chimala kuelekea Igawa inafaa kuliko mlima wa kwenda Tukuyu: gia ya nne, vuta kutoka 2500 hadi 4500, achia mafuta ishuke yenyewe, rudia mara 10 au 12. Kuiacha nyumbani ikiunguruma sailensa, bila kukanyagwa mafuta, saa nzima kunang'arisha silinda, na ringi hazitakaa tena.

Kwa anayeuliza kama boksi linunuliwe: muuzaji akikubali kukutolea seti ya gasketi peke yake, chukua leo. Asipokubali, bei nzima bado haifiki ya gasketi za Toyota na sili zake, kwa hiyo linunue, na beringi zile zibaki kwenye boksi.